Bunduki ina nambari, lakini vipuri vyake vinahesabiwa na nani?

MWAKA 2021 Kenya ilishuhudia matukio mawili ambayo yalistahili kutazamwa pamoja, lakini kila moja likaenda na njia yake. Mwezi Aprili, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alifungua kiwanda cha kuunganisha silaha ndogo mjini Ruiru, Kaunti ya Kiambu, kilichoelezwa kugharimu Sh4 bilioni na kuwa na uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Mwezi Juni, kiongozi huyo huyo akaongoza hafla ya kuteketeza silaha haramu 5,144 huko Ngong.

Tukio la kwanza lilihusu kuzaliwa kwa bunduki. La pili lilihusu kifo chake. Kati ya kuzaliwa na kufa kuna maisha marefu, ambayo kwa silaha ya serikali yaweza kupita miaka 40. Katika muda huo mtutu huchakaa, springi hulegea, kitako hupasuka, na komeo, yaani kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuufunga mtutu kwa nyuma, hulika. Fundi wa ghala la silaha huvitoa vilivyochoka na kuweka vingine. Baada ya matengenezo kadhaa, bunduki iliyoandikwa katika rejesta huwa si ile iliyoingia nchini, ila nambari yake tu ndiyo ile ile.

Jicho la kawaida huyagundua mabadiliko hayo kwa ishara moja: rangi. Kipuri kipya mara nyingi hakifanani na chuma kilichokizunguka. Utaona komeo la kijivu katika bunduki nyeusi, au mtutu unaometa kando ya kiwiliwili kilichofifia. Wengi hudhani ni suala la urembo. Hoja ya makala haya ni kwamba rangi hiyo ni ushahidi, na kwamba nchi isiyoandika habari za vipuri vya bunduki zake hujinyima uwezo wa kuusoma ushahidi huo siku utakapohitajika mahakamani.

Funzo kutoka Kariokor

Si ajabu kulizungumza jambo hili kwa kuutaja mtaa wa Kariokor. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, kilichowabebea majeshi yao mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, dhidi ya Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa kisa hicho hicho. Wapagazi walibeba chakula, hema, masanduku ya risasi na vipande vya mizinga, na makumi ya maelfu miongoni mwao walifariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Aprili 2021, mwezi ule ule kiwanda cha Ruiru kilipofunguliwa, tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu jinsi wafu wa vita hivyo walivyokumbukwa. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hasa kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Himaya hiyo ilipiga nambari juu ya kila bunduki yake. Wengi waliobeba risasi za bunduki hizo hawakuandikwa majina yao popote. Sanamu za watu watatu zilizosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue zina mpagazi mmoja, jina hana.

Funzo la kwanza la Kariokor, basi, ni kwamba rejesta huonyesha kile ambacho serikali imeamua kukithamini. La pili linatoka sokoni. Mafundi wa viatu na mikoba ya ngozi katika soko la Kariokor hawahitaji kuambiwa kwamba kiatu kimebadilishwa soli. Rangi na mshono huwaeleza. Vivyo hivyo kwa wahunzi wa Kamukunji, mwendo mfupi kutoka hapo: sanduku la bati lililopakwa rangi mpya mahali pamoja tu humfanya fundi auulize mkono uliolipaka unaficha nini.

Mpako una kazi gani

Chuma kitupu ni adui wa askari. Jasho la mkono, umande wa alfajiri na upepo wa bahari hukitia kutu kwa muda wa siku chache. Askari aliyewahi kulinda zamu Lamu, au aliyevuka mpaka kuingia Somalia baada ya Oktoba 2011 na kufika Kismayu, anajua kuwa chumvi ya pwani haina huruma. Kwa sababu hiyo kila kipuri cha bunduki hupewa mpako kabla ya kutoka kiwandani.

Njia ya zamani ni kukichemsha chuma katika maji yenye magadi makali na chumvi za nitrati, kwa joto linalozidi nyuzi 130, hadi uso wake ugeuke mweusi wenye buluu kwa mbali. Mpako huo hupendeza, lakini ni mwembamba na hautegemeki bila mafuta. Njia ya pili hutumia fosfeti, ambayo huota juu ya chuma kama chembe ndogo mno za kijivu au nyeusi, zisizong'aa, zenye uwezo wa kufyonza mafuta na kuyahifadhi. Njia ya tatu ni kupaka rangi nyeusi juu ya fosfeti hiyo na kuioka. Waingereza waliitumia kwa bunduki zao nyingi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Njia ya nne ni kromi, ambayo hupakwa ndani ya mtutu na ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa.

Yeyote anayedhani mambo haya ni ya mafundi peke yao na akumbuke yaliyowapata Wamarekani nchini Vietnam. Katikati ya miaka ya 1960 walipeleka huko bunduki mpya ya M16 ambayo chemba yake haikuwa na kromi. Hali ya hewa ilikuwa ya unyevu, baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa, na askari hawakuwa na vifaa vya kutosha vya kusafishia. Chemba zikapata kutu na vishimo, maganda ya risasi yakakwama ndani, na askari wakapatikana wameuawa huku bunduki zao zikiwa zimefunguliwa kwa jitihada za kuzikwamua. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la nchi hiyo, ikiongozwa na Bw Richard Ichord, iliwakosoa vikali wakuu wa jeshi. Chemba zikaanza kupakwa kromi mwaka huo. Bunduki za Kisovieti za aina ya AK zilikuwa zimepewa kromi tangu miaka ya 1950.

Kisa hicho kina upande mwingine. M16 za awali zilikuwa na kibebeo cha komeo kilichopakwa kromi, chenye kumetameta. Baadaye sehemu hiyo ikatengenezwa kwa mpako wa fosfeti, wa kijivu kilichokolea. Kwa hivyo kipuri kinachong'aa katika bunduki ya kijivu, au kinyume chake, kinaweza kuwa na maelezo ya halali kabisa: kilitoka katika shehena ya mwaka tofauti. Ila maelezo hayo huwa na thamani pale tu ambapo pana karatasi ya kuyathibitisha.

Tofauti zilizo halali

Haitakuwa haki kumtilia shaka kila askari mwenye bunduki ya rangi mbili. Chukua bunduki ya G3, ambayo Wakenya wameizoea mabegani mwa polisi kwa miongo mingi. Iliundwa Ujerumani Magharibi, kisha ikatengenezwa kwa leseni katika nchi kadhaa, zikiwemo Ureno, Uturuki, Iran na Pakistan. Kila kiwanda kilikuwa na mipako yake. Kipuri kilichonunuliwa nchi moja na kuwekwa katika bunduki iliyotoka nyingine hakitalingana nayo kwa rangi hata kama kinalingana nayo kwa vipimo.

Vipimo navyo vina kanuni zake. Komeo la G3 huzuiliwa na rola mbili ndogo za chuma, na fundi anayebadilisha komeo au mtutu hana budi kupima mwanya uliobaki na kuchagua rola za ukubwa unaofaa. Bunduki ya Lee-Enfield ya .303 nayo ilikuwa na vichwa vya komeo vya ukubwa mbalimbali vilivyopigwa nambari kuanzia 0 hadi 3. Bunduki hiyo ilitumika hapa tangu ukoloni na ilibaki kwa muda mrefu mikononi mwa polisi wa akiba kaskazini mwa nchi. Komeo lake lilipigwa nambari ya bunduki yenyewe, kwa sababu kulihamishia katika bunduki nyingine bila kupima kungeweza kumlipukia mfyatuaji usoni. Kipuri kisicho na rekodi, kwa hivyo, ni hatari kwanza kwa askari mwenyewe kabla ya kuwa hatari kwa raia.

Ni muhimu kutazama jinsi mataifa yaliyotangulia yalivyoishughulikia tofauti hii ya rangi. Waingereza walipoirudisha Lee-Enfield kiwandani, wakaivua vyote, wakabadilisha vilivyochakaa na kuipaka upya, walipiga juu ya kiwiliwili chake herufi FTR, yaani matengenezo kamili ya kiwandani, pamoja na mwaka. Wasovieti nao walizikusanya bunduki zilizotumika vitani, wakazifanyia ukarabati, wakazipaka rangi nyeusi, wakaandika nambari upya juu ya vipuri ili vilingane, na kuzitia alama ya mraba uliokatwa na mshazari. Katika nchi zote mbili rangi mpya iliandamana na alama. Mkaguzi aliyeiona rangi hiyo miaka 30 baadaye alijua nani aliipaka na kwa nini.

Rangi inapoficha

Upande wa pili wa shilingi ni mhalifu. Bunduki ya wizi huanza kwa kufutwa nambari. Mwenye kuifuta huisugua kwa tupa au jiwe la umeme, na kwa kufanya hivyo huuondoa mpako wa kiwandani pamoja na nambari. Chuma kitupu hubaki kikimeta, na baada ya siku chache huanza kutu. Hivyo humlazimu kupaka rangi, na rangi ya mkebe haifanani na fosfeti wala na ile iliyookwa. Doa hilo ndilo dalili ya kwanza anayoitafuta mkaguzi.

Ujanja wa mhalifu una mwisho wake. Nambari inapogongwa juu ya chuma, nguvu ya pigo hubana chembe zilizo chini zaidi ya pale jicho linapofika. Hata uso ukisuguliwa ukawa laini, mtaalamu wa maabara huweza kuumwagia tindikali maalumu, na sehemu iliyobanwa ikaitikia tofauti na iliyo kando yake, nambari ikajitokeza tena. Ila mtaalamu huyo atafanya hivyo iwapo tu mtu wa kwanza kuishika bunduki alilitambua doa na kuliripoti.

Ukanda wetu una shehena kubwa za silaha zilizopoteza nasaba. Idi Amin alipoanguka Aprili 1979, kambi ya kijeshi ya Moroto iliachwa bila ulinzi, na Wakaramoja wakachukua maelfu ya bunduki. Athari zake zilivuka mpaka na kufika Turkana na Pokot. Dola ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, maghala yake yakawa bidhaa ya sokoni. Bunduki zilizopita katika mikono hiyo zimevuliwa na kuunganishwa mara nyingi, mtutu wa moja juu ya kiwiliwili cha nyingine.

Wala ufundi wa kujiundia si mgeni hapa. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na serikali ya ukoloni ilipoendesha Operesheni Anvil jijini Nairobi kuanzia Aprili 24, 1954, mitaa ya Waafrika ya Eastlands ndiyo iliyosakwa nyumba kwa nyumba. Kitu ambacho bomba la maji halikuweza kutoa ni mtutu wenye mifereji na komeo la chuma kigumu. Ndiyo maana kipuri halisi cha kijeshi, hata kikiwa kimoja, kina thamani kubwa kwa anayeunda silaha nje ya sheria.

Hapa pia inafaa kuukumbuka moto wa Ngong. Moto huteketeza mpako na mbao, na huulegeza ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Springi iliyopita motoni haifai, na komeo lililolegea huweza kupasuka. Lakini kipuri hicho kikisuguliwa na kupakwa upya kitafanana na kipya. Usalama kamili wa zoezi kama hilo hutegemea kinachofanyiwa mabaki: kukatwa vipande au kuyeyushwa, na kila kipande kuhesabiwa.

Sauti ya mtutu mahakamani

Tunafika sasa kwenye kiini cha jambo. Risasi inapopita ndani ya mtutu, mifereji ya mtutu huo huichora mistari. Pini inayoigonga kwa nyuma huacha alama juu ya ganda. Uso wa komeo huacha yake. Kikamatio kinacholivuta ganda nje huacha yake. Ganda lililotoka katika G3 hubeba pia mistari ya masizi ubavuni kutokana na vijifereji vya chemba yake. Kwa alama hizi mtaalamu huweza kusema kwamba risasi hii ilitoka katika bunduki hii na si katika nyingine.

Tafakari basi ni sehemu zipi zinazotoa ushahidi huo. Ni mtutu, pini, komeo na kikamatio, ambazo zote ni vipuri vinavyobadilishwa. Kuipaka bunduki rangi upya kwa nje hakubadilishi alama hata moja. Kubadilisha mtutu huibadilisha nusu ya sauti yake mbele ya sheria, na kubadilisha komeo huibadilisha nusu iliyosalia. Nambari iliyoandikwa katika rejesta, aghalabu, hukaa juu ya kiwiliwili, sehemu isiyoigusa risasi kabisa wakati wa kutoka.

Wakazi wa Eastlands hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Machi 30, 2020, katika siku za mwanzo za kafyu ya Covid-19, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilichunguza, na Juni mwaka huo afisa mmoja wa polisi akashtakiwa kwa mauaji. Katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, waandamanaji waliuawa kwa risasi jijini Nairobi na kwingineko, na swali lililofuata kila kifo lilikuwa lile lile: risasi hii ilitoka katika bunduki ya nani?

Hakuna anayedai hapa kwamba katika visa hivyo vipuri vilibadilishwa. Hoja ni ya kimsingi zaidi. Ushahidi wa maabara huwa na nguvu iwapo mahakama inaweza kuamini kwamba mtutu uliopimwa ndio uliokuwa katika bunduki hiyo siku ya tukio. Wakili mahiri wa utetezi ataona mtutu wenye rangi tofauti na kuuliza uliwekwa lini. Wakili wa familia ya marehemu atauliza swali hilo hilo kwa nia iliyo kinyume. Pasipo na rekodi, wote wawili wana haki ya kuwa na shaka, na shaka hiyo humwumiza afisa asiye na hatia sawa na inavyomwumiza mama aliyefiwa.

Sheria zinasemaje

Jambo la kushangaza ni kuwa sheria imekwisha kulitambua tatizo hili. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inapoeleza maana ya bunduki hujumuisha pia sehemu yoyote inayoiunda. Raia anayepatikana na kipuri bila kibali yumo hatarini sawa na aliyepatikana na silaha.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya mwaka 2001 inavitaja vipuri kwa majina: mtutu, kiwiliwili, komeo na vinginevyo, na inasema wazi kwamba kipuri cha kubadilishia kimo ndani ya maana hiyo. Itifaki ya Nairobi iliyotiwa saini Aprili 21, 2004, na ambayo ndiyo msingi wa shirika la kanda la RECSA lenye makao yake jijini humu, inataka silaha ipigwe alama wakati wa kutengenezwa, na alama hiyo iwe juu ya mtutu, kiwiliwili na, panapohusika, kile kifuniko kinachoteleza juu ya bastola. Waraka wa Umoja wa Mataifa wa 2005 kuhusu ufuatiliaji wa silaha unahimiza sehemu nyingine zipigwe alama pia, mbali na ile kuu.

Kwa upande wa polisi, kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha zinataka pawe na utaratibu wa kuhifadhi na kutoa silaha utakaomfanya kila afisa awajibike kwa bunduki na risasi alizokabidhiwa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali lake la Sita, imeweka masharti kuhusu matumizi ya silaha. Uwajibikaji huo hauwezi kukamilika ikiwa afisa anawajibika kwa nambari huku mtutu ukiwa na historia yake pekee.

Yamkini watatokea wa kusema kwamba kuandika habari za vipuri ni kufichua siri za jeshi. Hoja hiyo haina mashiko. Rejesta ya matengenezo haichapishwi gazetini. Hukaa ghalani, na hufunguliwa kwa amri ya mahakama au ya chombo kilichopewa mamlaka na sheria. Wengine watataja gharama. Lakini kila ghala la silaha tayari lina fundi, na fundi huyo tayari ana kitabu. Kinachohitajika ni safu chache zaidi katika kitabu hicho.

Kazi ya Ruiru

Katika miaka ambayo Kenya ilinunua bunduki zote ng'ambo, serikali ingeweza kusema kuwa haikuwa na sauti juu ya mpako wala alama. Kisingizio hicho kilikwisha siku milango ya Ruiru ilipofunguliwa, kama kilivyokuwa kimekwisha kwa upande wa risasi tangu kiwanda cha Eldoret kilipoanza kazi katika miaka ya 1990. Nchi inayounganisha bunduki ndani ya mipaka yake inaweza kuamua jinsi zitakavyotambulikana.

Mambo matano yangetosha kwa kuanzia. Kwanza, kila mtutu na kila komeo vipigwe nambari, iwe ya bunduki yenyewe au ya kipuri, kabla ya mpako kuwekwa, ili yeyote atakayeisugua nambari aache doa. Pili, aina ya mpako wa kila shehena iandikwe, ili rangi ya kipuri iweze kumwambia mkaguzi kilitoka mwaka gani. Tatu, kila badiliko liingizwe katika rejesta: tarehe, kilichotolewa, kilichowekwa, sababu na sahihi ya fundi. Nne, mtutu uliotolewa usitupwe wala kuuzwa kama chuma chakavu. Uhifadhiwe kwa muda uliowekwa, kisha ukatwe mbele ya mashahidi. Tano, bunduki yoyote inayopelekwa maabara kwa uchunguzi wa mauaji iandamane na nakala ya ukurasa wake wa matengenezo.

Kati ya hayo, la nne ndilo rahisi kupuuzwa na ndilo zito zaidi. Mtutu wa zamani ndio shahidi wa risasi zote zilizofyatuliwa kabla haujatolewa. Ukipotea leo, kesi itakayofunguliwa baada ya miaka miwili itakuwa imepoteza shahidi ambaye hakuna aliyejua kuwa anahitajika.

Hapana shaka wapo maafisa waadilifu katika maghala ya silaha wanaoandika zaidi ya wanavyotakiwa, kwa kuwa fundi mzuri huona aibu kuacha kazi yake bila maelezo. Lakini usalama wa raia hauwezi kuegemezwa juu ya tabia njema ya mtu mmoja mmoja. Unahitaji kanuni iliyoandikwa, inayokaguliwa, na yenye adhabu kwa anayeivunja.

Himaya iliyoupa mtaa wa Kariokor jina lake ilikuwa hodari wa kuhesabu vyuma na mzembe wa kuhesabu watu. Kwetu sisi, kuhesabu vyuma kwa makini zaidi ndiyo njia mojawapo ya kuwahesabu watu: mkazi wa Eastlands aliyeuawa kwa risasi, na askari anayeshukiwa kuifyatua, wote wawili wanategemea kuwa ukurasa wa bunduki hiyo utapatikana, na kwamba utakuwa umejazwa.